Mwaka wa Kunong'ona

Uvimbe niliugundua kwa sababu ya kola. Kwaya yetu ilikuwa imeshonewa sare mpya, gauni la zambarau lenye kifungo kimoja shingoni, na kifungo changu hakikufika kwenye tundu. Nilidhani fundi amekosea vipimo. Nilirudi kwake hapo mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, karibu na shule niliyokuwa nafundisha, akazungusha tepu shingoni mwangu, akafungua daftari lake, akasema, "Mwalimu, mimi sijakosea. Ni shingo imeongezeka."

Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nilifundisha darasa la pili katika shule ya binafsi, watoto arobaini na watatu kwenye chumba cha mabati, na mvua ikinyesha walimu wengine walisimamisha masomo. Mimi sikusimamisha. Nilizaliwa juu, Olenguruone, ambako jirani yuko ng'ambo ya bonde, na ng'ombe wake akiingia kwenye viazi vyako humfuati kwake, unampigia ukelele kutoka hapo ulipo. Nilipoteremka Nakuru kusomea ualimu nilikuja na sauti hiyo. Kanisani niliongoza sauti ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja. Tena nilikuwa mmoja wa wale wanaoitwa kuomba. Ibada ikianza kupoa, mchungaji alisema tu, "Mwalimu, tuombee," nami nilisimama. Niseme ukweli, nilipenda kuitwa.

Mume wangu ni mtu wa aina nyingine. Ni fundi wa kushona viti vya sofa, na anaweza kupitisha siku nzima na misumari mdomoni bila kutoa neno. Tuna binti mmoja, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa.

Nilichelewa kwenda hospitali. Nilianza kulala nimeinua kichwa kwa mito miwili kwa sababu nikilala chali nilihisi kama mtu ameniwekea kiganja kooni. Mume wangu ndiye aliyesema, "Kesho tunaenda." Daktari alinipima, akaagiza picha, akasema ni tezi, si saratani, lakini imekua mpaka inabana bomba la hewa, na lazima itolewe. Alichora kwenye karatasi. "Kuna neva mbili nyembamba kama uzi, zinapita nyuma ya tezi," alisema. "Ndizo zinazoendesha sauti. Mara chache huumia. Nakuambia ili ujue." Nilisikia hayo maneno "mara chache" nikayaacha yapite, kama mtu anavyoacha tangazo la redio lipite. Nikatia sahihi.

Kanisa liliniombea. Mimi mwenyewe niliomba nisife, kwa ajili ya mtoto. Kuhusu sauti sikuomba. Haikunijia kwamba ni kitu cha kuombewa, kama vile hakuna anayeombea kiwiko chake.

Nilipozinduka, sista aliinama juu yangu akasema, "Mama, tuambie jina lako." Nikafungua mdomo, ikatoka hewa. Nikajaribu tena, ikatoka hewa. Sista akaandika kitu kwenye faili, akasema kwa upole, "Pumzika kwanza," nami nikajua kutokana na ule upole kwamba kuna jambo.

Daktari alikuja siku ya pili. Hakujificha. Alisema neva haikukatwa, aliiona kwa macho yake, lakini ilivutwa wakati wa kutoa tezi kwa sababu tezi ilikuwa imeizunguka. Kamba moja ya sauti ilikuwa imelala. "Inaweza kuamka baada ya miezi mitatu," alisema. "Inaweza kuchukua mwaka. Na inaweza isiamke."

Nikanong'ona, "Itakuwa ipi?"

"Sijui," alisema.

Baadaye nimekuja kumheshimu kwa neno hilo. Siku hiyo nilimchukia.

Muhula wa pili ulipofunguliwa nilirudi darasani na kengele ya mkono. Nilijiambia Mungu hawezi kumwita mtu kufundisha kisha amwache bila sauti, kwa hiyo ni suala la wiki chache. Wiki za kwanza zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Watoto waliponiona nanong'ona, nao wakaanza kunong'ona. Nikiuliza tatu na nne ni ngapi, mtoto alisimama akaninong'onezea "saba" kana kwamba ni siri ya familia. Mwalimu wa darasa la tatu alichungulia mlangoni mara mbili akidhani nimewapeleka nje.

Tatizo lilikuwa kusoma na kuandika. Ukinong'ona, herufi nyingine zinafanana. Nilikuwa sijui, mpaka niliposahihisha imla nikakuta karibu darasa zima wameandika "papa" pale niliposema "baba", na "tata" pale niliposema "dada". Hawakuwa wamekosea. Waliandika walichosikia. Nilijaribu kuonyesha kwa midomo, nilijaribu picha, nilimsimamisha msichana mmoja anayesoma vizuri awe ananisomea. Lakini wazazi wakaona madaftari, na mzazi wa Kaptembwo, mtu ambaye anashinda juani akitafuta karo, hawezi kuambiwa avumilie.

Siku ya kufunga muhula, mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa mama mwenye umri wa kunizidi kidogo, na tulikuwa tumefanya kazi pamoja tangu shule ikiwa na madarasa matatu. "Mwalimu, nimekuvutia muda nilivyoweza," alisema. "Wazazi wamekuja mara tatu. Ukipona, njoo." Kisha yeye ndiye aliyelia. Mimi nilimpa leso yangu, nikachukua kengele yangu, nikatoka.

Kanisani mambo yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Tangu upasuaji, maji yalikuwa yananipalia, kwa hiyo daktari alinifundisha kuinamisha kidevu kila ninapokunywa. Jumapili moja ya Meza ya Bwana nilisahau. Nilimeza kikombe kama kila mtu, divai ikaingia njia mbaya, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, kikohozi kisicho na sauti, cha kupuliza tu, kama pampu ya baiskeli. Kanisa zima lilikuwa kimya kwa ajili ya maombi. Mzee wa kanisa alinishika mkono akanitoa nje. Jumapili iliyofuata sikwenda. Wala iliyofuata.

Sikumkana Mungu. Nilimnunia. Nilimnunia vile mke anavyomnunia mume: chakula anapika, nguo anafua, lakini mazungumzo hakuna. Na nilipojaribu kuomba niligundua jambo lililonitia aibu. Bila sauti, sikujua kuomba. Maneno yangu yote yalikuwa yamepangwa kwa ajili ya watu wa kuyasikia, yanapanda, yanashuka, yanangoja "amina" kutoka kwenye viti. Nikikaa peke yangu kitandani nikifunga macho, baada ya sentensi mbili nilikuwa nafikiria kama kuna sabuni. Mume wangu alimchukua binti yetu wakaenda ibadani. Wakirudi alivua koti akasema, "Wamekusalimia."

Mwezi huo wa Agosti nilipanda Olenguruone kumwona mama. Simu zilikuwa hazisaidii. Alikuwa anasema "haloo, haloo", hanisikii, anakasirika, anakata. Mama ameanza kuwa mzito wa masikio. Kwa hiyo tulikaa jikoni kwake, mmoja hawezi kusema na mwingine hawezi kusikia, tukimenya viazi kando ya moto. Ilikuwa baridi ile ya huko ambayo inaingia kwenye mifupa hata mchana. Nilisogea karibu kabisa na sikio lake, nikamuuliza kwa lugha yetu, "Mama, kwa nini Mungu amenifanyia hivi?"

Aliendelea kumenya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Baba yako alipokufa, mimi niliuliza miaka mitatu. Kila asubuhi. Nilikuwa nauliza nikikamua."

"Akakujibu?"

"Hapana."

"Sasa ulifanyaje?"

Akanitazama kama ananishangaa. "Nilikamua," alisema. Akaniambia nisitupe maganda, ni ya ng'ombe.

Sikupenda jibu hilo. Nilikuwa nimesafiri saa kadhaa, na nilitaka aya ya Biblia, au anishike kichwa aniombee. Nilirudi Nakuru nikiwa nimebeba gunia dogo la viazi na maswali yangu yaleyale.

Sasa nieleze habari ya uwanjani, ambayo si rahisi kuieleza.

Mwezi wa tisa alikuja mhubiri kutoka mbali, akapiga hema kwenye uwanja upande wa mjini, siku tano za uponyaji. Rafiki yangu wa kwaya, yule aliyekuwa akisimama bega kwa bega nami miaka yote, alikuja kunichukua. "Usipoenda, usiseme Mungu hakufanya," alisema. Nilikwenda. Nilivaa gauni lile la zambarau nikafunga skafu kuficha kovu.

Walioitwa mbele tulikuwa wengi. Msaidizi aliniuliza ninaumwa nini, rafiki yangu akanisemea. Mhubiri alipofika kwangu alitangaza, "Huyu dada ni mwimbaji, na adui ameiba sauti yake!" Watu wakaguna. Akaniwekea mkono shingoni, akaomba kwa nguvu, nami niliomba pia, kwa nguvu zote nilizonazo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Kisha akanishikia maikrofoni mdomoni kabisa. "Sema Bwana asifiwe!"

Nikasema. Na kutoka kwenye zile spika kubwa, zilizopangwa moja juu ya nyingine kama kabati, ikatoka sauti ya mwanamke ikijaza uwanja mzima: "Bwana asifiwe."

Watu walilipuka kwa shangwe. Rafiki yangu alianguka chini akilia. Mhubiri akaniambia niseme tena, nikasema tena, na tena ikatoka. Kwa sekunde chache, labda kumi, niliamini kabisa. Nilihisi joto mpaka vidoleni. Kisha maikrofoni ikaondolewa, nikamwambia rafiki yangu, "Nisaidie kushuka," na yeye hakunisikia. Nikarudia. Hakunisikia. Ilikuwa ni mnong'ono uleule. Mashine ndiyo iliyokuwa imeukuza.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Sikusema. Wanawake walikuwa wananikumbatia. Mtu alikuwa amenirekodi kwa simu, na kabla sijafika nyumbani video ilikuwa imefika Kaptembwo. Rafiki yangu aliniambia njiani, "Usiseme hujapona. Kiri kwa imani. Ukisema hujapona unaurudisha uponyaji." Jambo hilo lilinifaa, kwa hiyo nililikubali. Mchungaji wetu alipokuja nyumbani kuniuliza, kwa uangalifu, kama ni kweli, nilinong'ona, "Bwana ni mwema." Si uongo, Bwana ni mwema. Lakini nilijua nilichokifanya, na nadhani naye alijua, kwa sababu alimaliza chai yake akaondoka bila kuomba, na mchungaji haondoki nyumbani kwa mtu bila kuomba.

Siku mbili baadaye msaidizi wa mhubiri alipiga simu ya mume wangu. Walikuwa wanakwenda Molo kwa mkutano mwingine na walinitaka nikatoe ushuhuda. Zaidi ya hayo, huduma yao ilikuwa inafungua shule ya watoto wadogo, na walikuwa wanatafuta mwalimu mwenye ushuhuda. Mwalimu mwenye ushuhuda. Nilikuwa nimekaa nyumbani wiki nyingi nikimsaidia mume wangu kukata vitambaa, kazi niliyoifanya vibaya. Maneno hayo yalinikaa moyoni usiku na mchana. Nilijiambia, labda nikienda Molo nikasema mara ya tatu, itakuwa kweli. Labda ndivyo imani inavyofanya kazi. Ibrahimu naye alitembea kabla hajaona.

Mume wangu alikuwa anapigilia mkanda chini ya kiti. Alitoa msumari mdomoni akauliza, "Wewe unajisikiaje?"

"Wanasema nikiri kwa imani."

"Sijakuuliza wanasema nini."

Nilikasirika nikaingia ndani.

Alhamisi ya wiki hiyo alikuja jirani yetu wa mlango wa tatu hapo kwenye plot tunayopanga. Ni mama muuza mboga, mjane, ana ugonjwa wa presha, na kila mwezi huenda zahanati kuchukua vidonge vyake. Alileta fungu la sukuma wiki, zawadi. Akakaa kitini, uso umemng'aa.

"Ticha, nilikuona kwa simu," alisema. "Nililia. Nikasema kama Mungu amemrudishia ticha sauti, presha yangu ni nini kwake?"

Nikatabasamu, nikapokea sukuma wiki.

"Zile dawa nimezitupa," alisema. "Jumatatu. Choo cha plot kimezimeza zote."

Nilihesabu. Jumatatu mpaka Alhamisi. Nikamuuliza kama anaumwa kichwa. Hakusikia, akainamisha sikio, nikarudia. Alisema ndiyo, kidogo, kisogoni, lakini hiyo ni vita ya shetani akitoka. Kisha akanitazama mdomo. Nadhani ndipo alipogundua kwamba nanong'ona.

"Mbona unaongea hivyo, ticha?"

Nimefundisha watoto miaka kumi na minne wasiseme uongo. Nimewaadhibu kwa ajili ya penseli. Nilikaa pale, sukuma wiki mapajani, na nilitamani sana kumwambia kwamba nimepumzisha koo. Sentensi hiyo ilikuwa tayari mdomoni. Badala yake nikamsogelea sikioni nikamwambia, "Sijapona. Ilikuwa ni spika. Sikuwahi kupona hata siku moja."

Hakuelewa mara moja. Nilipomweleza tena, alisimama. "Na ulinyamaza," alisema. "Uliniacha nikasifu Mungu kwa uongo."

"Ndiyo."

"Ningekufa, ticha."

"Ndiyo."

Nilivaa viatu nikamwambia twende zahanati, na alikwenda, lakini alitembea mbele yangu njia nzima na hakugeuka. Presha yake ilikuwa imepanda vibaya. Muuguzi alimgombeza, akampa dawa, akamkalisha benchi mpaka ishuke kidogo. Nami nilikaa benchi la pili. Niliomba hapo, maneno machache tu, na hakuna lililopangwa vizuri: Bwana, usimwache afe kwa sababu yangu. Nisaidie niseme. Nilipomaliza niliona kwamba sikuwaza sabuni.

Mume wangu alimpigia yule msaidizi akamwambia sitakwenda Molo. Mtu huyo alisema nimeruhusu shaka iniibie. Mume wangu akamwambia, "Sawa, kwaheri." Hayo ndiyo yote aliyosema.

Jumapili nilirudi kanisani. Nilikuwa nimemwomba mchungaji dakika tano baada ya matangazo. Maikrofoni sikuitaka, nadhani mtu ataelewa. Kwa hiyo nilimwomba mume wangu asimame nami, ninong'one, yeye aseme kwa sauti. Sijui kama kuna jambo gumu zaidi nililowahi kumwomba. Mtu huyu hata kwenye harusi yetu kiapo alikisema kimyakimya mpaka mchungaji akamwambia arudie.

Tulisimama mbele. Nilimnong'oneza maneno marefu niliyoyaandaa wiki nzima, habari ya kiburi, na ya kupenda kusikiwa, na ya kumnunia Mungu, na jinsi nilivyokubali uongo kwa sababu nilichoka kungoja. Nilichukua muda mrefu. Watu walikuwa wanatazama tu mdomo wangu sikioni mwake. Nilipomaliza, alifikiri kidogo, akageukia kanisa.

"Anasema hajapona," alisema. "Alidanganya. Anaomba msamaha."

Mtoto mmoja alicheka. Nami nilikaribia kucheka. Yalikuwa yote yamo.

Hakukuwa na vigelegele. Baadhi ya watu walinisalimia mlangoni, wengine hawakunisalimia. Rafiki yangu wa kwaya alitoka kwa mlango wa pembeni, na ilichukua miezi kabla hajanijia tena. Alisema mimi ndiye niliyeua uponyaji wangu kwa mdomo wangu. Sikubishana naye. Alinipenda, na alikuwa ametaka iwe kweli kuliko mimi.

Lakini kabla ya hayo, tukiwa bado tumesimama mbele, mchungaji alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alisema, "Mwalimu, tuombee." Nilidhani ananitania. Nilimtazama, akafumba macho. Kanisa zima likainamisha vichwa. Nikaomba. Hata kiti cha kwanza hakikusikia. Niliomba kwa ajili ya jirani yangu, na kwa ajili ya watu wanaongoja majibu hospitalini, na kwa ajili yangu. Nje pikipiki zilipita. Nilipomaliza hakuna aliyejua nimemaliza, mpaka mume wangu akasema "amina", na wao wakafuata.

Tangu siku hiyo niliendelea kwenda. Si kwamba nilikuwa na furaha. Asubuhi nyingine niliamka nikajaribu sauti kabla sijafungua macho, aaa, na hewa ikatoka, na nikakaa kitandani nikisikia hasira ileile. Tofauti ilikuwa kwamba sasa niliisema kwa Mungu badala ya kumnunia. Nilimwambia, leo nimekukasirikia. Kisha nilikwenda kukata vitambaa. Nilikuwa nimejifunza kukata vizuri kiasi, na mito midogo ya sofa niliishona mwenyewe.

Sauti haikurudi kwa kishindo. Kilichorudi kwanza ni kikohozi. Mwezi wa kumi na mbili kilianza kuwa na ncha, sauti kidogo mwishoni. Kisha maji yakaacha kunipalia. Mwezi wa kwanza, siku ya kuandaa nguo za shule, nilikuwa nyuma ya nyumba nikamwita binti yangu aniletee beseni, akajibu kutoka ndani, "Nakuja, mama." Akafika mlangoni na beseni akasimama. Tulitazamana. Alikuwa hajanisikia kutoka chumba kingine kwa miezi tisa. Akaniambia, "Niite tena." Nilimwita. Ilikuwa sauti nene, yenye kukwaruza, kama ya mwanamume mwenye mafua, lakini ilifika.

Mwezi wa nne daktari aliingiza kamera ndogo puani akaniangalia koo. Ile kamba iliyolala bado imelala, alisema. Haijasogea hata kidogo. Ila ile nyingine imejifunza kuvuka katikati na kwenda kuikuta ilipo. "Ndiyo inakufanyia kazi mbili," alisema. Nikamuuliza kama ile itaamka. Akasema baada ya mwaka, hafikirii.

Kwa hiyo sikupona, kwa maana ile ya uwanjani. Sauti niliyokuwa nayo haipo. Shule yangu ya zamani ilikuwa imeajiri mtu mwingine, na haikuwa haki kumtoa. Nilipata kazi katika shule moja upande wa pili wa mji, kufundisha kusoma watoto walioachwa nyuma, wanne wanne kwenye meza moja. Sauti niliyonayo inatosha meza. Kwaya nilirudi, nimesimama nyuma, karibu na wanaume, naimba sauti ya tatu. Anayeongoza sasa ni msichana wa miaka ishirini na mbili, na ana sauti safi. Wivu ninao. Ukija naukabidhi kwa Mungu, na Jumapili inayofuata unakuja tena.

Watu huniuliza Mungu alinifundisha nini. Wanataka nijibu kwamba alichukua sauti ili anipe kitu bora. Sijui. Hakuniambia. Ninachojua ni kwamba katika mwaka ule nilimkasirikia, nikamkimbia, nikadanganya kwa jina lake, na kila niliporudi nilimkuta.

Jirani yangu wa mboga alikaa miezi mitano bila kunipa mkono. Kisha asubuhi moja aligonga mlango akasema anaenda zahanati na hataki kukaa kwenye foleni peke yake. Tangu hapo huenda naye kila mwezi, siku ambayo sina kipindi cha asubuhi. Mara ya mwisho foleni ilikuwa ndefu na alikuwa na wasiwasi, kwa sababu mwezi uliopita namba hazikuwa nzuri. Aliniomba nimwombee kabla hajaitwa. Nilimshika mkono nikaomba sentensi mbili, watu wamekaa huku na huku. Akaingia. Presha ilikuwa bado juu. Muuguzi akamwongezea dawa, akamwambia apunguze chumvi na arudi baada ya wiki mbili. Alikunja karatasi akaitia kwenye pochi, akauliza kama wiki mbili zijazo nitakuwa na nafasi, nikasema nitakuwa nayo, tukaenda sokoni kutafuta nyanya.